Jedwali la Nne

Ipo nchi moja, wala si yetu, iitwayo Jamhuri ya Shwari. Watu wake ni wapole, viongozi wake ni wanene, na redio yake hufungua na kufunga matangazo kwa taarifa ileile kwamba hali ni shwari. Anayetaka kujua iko wapi asihangaike kupekua ramani. Ramani ya Shwari ina mwenyewe, na mwenyewe hajatoa kibali ichapishwe.

Katika nchi hiyo maji na elimu viliwekwa chini ya wizara moja. Rais alieleza sababu siku alipotangaza baraza lake: "Maji huchotwa, na maarifa huchotwa. Kwa nini tuweke mawaziri wawili kwenye ndoo moja?" Watu walipiga makofi, kwa sababu hoja ilikuwa na mashiko, na kwa sababu milango ya ukumbi ilikuwa imefungwa kwa nje. Hivyo ndivyo Mheshimiwa Daktari Bartolomeo Mkwizu alivyokuwa Waziri wa Maji na Maarifa. Udaktari wake aliupata kwa tasnifu ya kurasa mia tatu na kumi kuhusu uchimbaji wa visima. Wenye husuda walisema kurasa mia tatu kati ya hizo ziliandikwa na mtu mwingine, katika chuo kingine, miaka kumi na mitano kabla yake. Waziri hakukasirika. Alijibu kwamba zile kumi zilizobaki ni za shukrani, na shukrani aliziandika mwenyewe.

Waziri huyo alizindua mambo mawili makubwa. La kwanza ni Visima vya Neema, kumi na vinne kwa idadi, vilivyochimbwa katika wilaya kame ya Kikwembe, kila kimoja na pampu yake ya mkono, sakafu yake ya saruji na namba yake. La pili ni Hazina Huria ya Chuo Kikuu cha Shwari, yaani ghala la kwenye kompyuta ambamo kila utafiti wa wasomi wa chuo ungewekwa ili mwananchi yeyote, awe mkulima au muuguzi, ausome bure. Siku ya uzinduzi Waziri alikata utepe akasema, "Leo elimu imetoka kabatini." Kisha akapokea ufunguo mkubwa wa shaba kutoka kwa Profesa Nikodemu Bashagi, Mwenyekiti wa Kamati ya Hakimiliki, akautia mfukoni na kuondoka nao.

Tangu siku ile Hazina ilikuwa wazi. Kilichofungwa ni vilivyomo.

*

Mlinzi wa Hazina aliitwa Bi Tamali Ngwembe, mkutubi aliyekuwa kazini kwa miaka ishirini na miwili, mwanamke mwembamba aliyefunga miwani yake kwa uzi. Hakuwahi kuchelewa kazini, wala kuazima kitabu bila kujiandikia kadi kama mtu baki. Watu wa namna yake ndio wanaoifanya nchi mbovu iendelee kusimama, kwa kuwa kila mahali palipooza wao hupafuta vumbi.

Kazi yake ilikuwa kuingiza maandiko kwenye kompyuta. Lakini Kamati ya Hakimiliki iliona hatari: mlinzi akikisoma anachokiingiza, si atakuwa ameila mali ya mchapishaji bila leseni? Kwa hiyo Bi Tamali aliapishwa, mkono mmoja juu ya kamusi: "Nitatunza nisichokijua, na nikikijua nitakisahau." Akapewa na kipande cha kaniki cha kufunikia kioo cha kompyuta. Juu ya kaniki palikatwa tundu la ukubwa wa kiberiti, la kumwonesha kichwa cha andiko na ikisiri yake, ule muhtasari wa mwanzo ambao wachapishaji huuacha bure ili kumwonjesha msomaji. Chini ya hapo lilikuwa giza.

Waliomtangulia walikuwa wakiinua pembe ya kaniki mara tu baada ya chai ya saa nne. Bi Tamali, abadani. "Ukishaapa umeapa," aliwaambia, na moyoni alijiona ni mtu wa maana.

Andiko lilifunguliwa kwa umma pale tu Fomu Namba Saba ilipopata sahihi tatu: ya mwandishi, ya mchapishaji, na ya mwenye kuandikwa. Hii ya tatu ilibuniwa na Profesa Bashagi mwenyewe, na nchi nyingine hazijaifikia. Mhadhiri mmoja aliyeandika juu ya fisi aliambiwa alete ridhaa ya fisi wasiopungua watatu. Alikwenda porini na kibao cha wino wa vidole. Hakurudi, na faili lake bado linamsubiri.

*

Jumatatu moja alikuja Dakta Kanuti Mbelwa, mkemia, mtu mrefu mwenye viatu vilivyojaa vumbi la Kikwembe. Kwa miaka miwili alikuwa akipima maji ya Visima vya Neema, na matokeo yake yalichapishwa katika jarida moja la ng'ambo.

"Habari za kazi, Bi Tamali."

"Njema, Dakta. Umeleta andiko?"

"Nimeleta. Lakini kwanza naomba nilisome lile langu lililochapishwa. Kompyuta yangu wizara wameichukua, wanasema ina vumbi."

Bi Tamali alipekua orodha yake. "Uniwie radhi, Dakta. Wewe si mwenye nalo tena. Ulitia sahihi kwa wale wa ng'ambo."

Dakta Mbelwa alicheka kidogo, kicheko cha mtu aliyechoka. "Niliwapa maneno yangu na namna nilivyoyapanga. Sumu sikuwapa. Jambo la kweli halina hakimiliki, Bi Tamali." Akaweka mezani bahasha ya kaki. "Haya, huu hapa mswada wangu wa mwisho, nilioupiga chapa mwenyewe kabla hawajaupamba kwa nembo yao. Masharti yao yanasema wazi: ikipita miezi kumi na miwili, mwandishi aweke mswada wake kwenye hazina ya chuo chake. Miezi imeshapita. Sahihi yangu kwenye fomu hii hapa."

"Nakuamini, Dakta. Lakini Kamati haiamini, inataka karatasi."

"Basi waandikie, wakujibu kwa karatasi. Ila usichelewe. Wanaokunywa ni watoto."

Alipoondoka, Bi Tamali aliutia mswada kwenye kompyuta kupitia kaniki, na tunduni akasoma ikisiri, kwa kuwa hiyo haikuwa haramu. Ilisema: kati ya visima kumi na vinne vilivyopimwa, sita vina sumu ya madini itokayo kwenye mwamba, nayo huharibu figo, hasa za watoto; vinane ni salama; orodha ya visima imo katika Jedwali la Nne.

Bahasha aliiweka katika mtoto wa meza, akafunga.

Dakta Mbelwa alijaribu kuyasema mambo yake redioni. Akakumbushwa kuwa kusema nako ni kuchapisha, na mkataba wake ulimkataza kuchapisha jambo moja mara mbili. Wiki iliyofuata alipandishwa cheo. Aliteuliwa kuwa Mkurugenzi wa Kituo cha Utafiti wa Mvua katika jangwa la kusini, mahali ambapo mvua haijanyesha kwa miaka kumi na tisa na simu haishiki. Waziri alimsindikiza mpaka kwenye gari na kumfungia mlango kwa mkono wake mwenyewe.

*

Kamati ya Hakimiliki ilikuwa na wajumbe saba na birika mbili. Bi Tamali alisimama mbele yao na fomu yake yenye sahihi moja.

"Mwenye kuandikwa ni nani?" aliuliza Profesa Bashagi.

"Ni maji, Profesa."

"Maji hayawezi kutia sahihi. Ni ya nani?"

"Ya wizara."

"Basi iulizwe wizara." Profesa alivua miwani, na wajumbe wakajua hotuba inakuja, wakajimiminia chai. "Ndugu wajumbe, msimwone huyu mama amebeba karatasi mkadhani ni jambo dogo. Mbele yetu kuna jasho la mchapishaji. Taifa linaloheshimu jasho la wenzake huheshimiwa. Leo tutafungua jedwali, kesho sura, keshokutwa kitabu kizima, na mtondo tutaamka hatuna hata siri moja ya kujivunia mbele ya mataifa. Mimi sitaki kuzikwa nikiwa Mwenyekiti wa Kamati iliyofungua jedwali."

Wajumbe waligonga meza. Wizara iliulizwa, ikajibu kabla chai haijapoa: inaiheshimu mno hakimiliki ya wageni, na haitathubutu kuigusa hata kwa ncha ya kalamu. Ikabaki sahihi ya ng'ambo. Bi Tamali aliandika barua kwa hati yake nzuri, akaambiwa jibu litachukua siku thelathini, na kwamba likija litapitia kwa Kamati kwanza, kama ilivyo taratibu.

*

Redio ya Shwari iliisoma ikisiri hewani, kwa sababu ilikuwa ya bure na siku ile hakukuwa na habari nyingine. Watu wa Kikwembe wakasikia kwamba visima sita vinaua na vinane haviui. Vipi ni vipi, hawakuambiwa.

Kesho yake alfajiri watu wa kisima cha tatu walibeba ndoo wakaenda kuchota cha saba. Watu wa cha saba nao walibeba ndoo wakaenda cha tatu. Walikutana njiani, wakaamkiana kwa adabu, kila upande ukiuhurumia upande mwingine kwa ujinga wake. Kisima cha sita kilikimbiwa na wote kwa kuwa mwaka uliopita ng'ombe alifia karibu yake. Yule ng'ombe, kwa kweli, aligongwa na gari la wizara.

Mdogo wake Bi Tamali, Siwema, alikuwa ameolewa hukohuko Kikwembe. Mumewe alikuwa migodini, naye alibaki na mtoto mmoja tu, Tunu, wa miaka sita. Jioni hiyo alipiga simu.

"Dada, shikamoo."

"Marahaba, mdogo wangu. Hamjambo?"

"Hatujambo, ila roho juu. Redio imetaja visima sita. Sisi tunachota cha tisa. Kimo?"

"Sijui, Siwema."

"Si wewe unayelitunza hilo andiko?"

"Nalitunza. Sijalisoma."

"Liko mbali?"

Bi Tamali alitazama mtoto wa meza. Ulikuwa unagusa goti lake. "Haliko mbali."

"Sasa?"

"Nimeapa, mdogo wangu. Barua imekwenda ng'ambo. Ni siku thelathini tu."

"Tunu anakunywa kila siku, Dada."

Hapo moyo ulimuuma Bi Tamali, na kwa kuwa alikuwa mtu wa kupenda taratibu lakini alimpenda na mtoto, alitafuta njia ya kuvihifadhi vyote viwili. Alifikiri kwa bidii. Kisima cha kumi na moja ndicho alichokizindua Waziri. Aliyaona kwa macho yake kwenye televisheni: Waziri ameshika glasi, anakunywa, anajifuta midomo, watu wanapiga vigelegele. Mtu anaweza kumdanganya mkulima, lakini nani atathubutu kumnywesha sumu Waziri?

"Kwa sasa hamieni cha kumi na moja," alisema. "Waziri mwenyewe alikinywa. Mpaka jibu lije."

"Ni mwendo wa saa nzima, Dada."

"Afadhali miguu iume. Hebu nipe mtoto."

Tunu alishika simu. "Mama Mkubwa, shikamoo. Ukija uniletee kalamu ya rangi."

"Marahaba, mwanangu. Ya rangi gani?"

"Nyekundu."

*

Siku thelathini zikawa sitini. Kila Ijumaa Kamati ilimletea Bi Tamali bunda la maandiko ya kuingiza, na kila Ijumaa alitandaza kaniki na kuyaingiza kifudifudi, moja moja, hadi la mwisho. Mengine yalikuwa marefu kama kitabu. Mengine hayakuwa hata na kichwa wala ikisiri, yana namba tu, na moja lilikuwa ukurasa mmoja tu wa mistari michache. Yeye hakuchagua. Aliyatunza yote sawasawa.

Siku moja Tunu alimwambia kwenye simu, "Mama Mkubwa, maji ya huku yana ladha ya msumari."

"Utazoea, mwanangu," alijibu Bi Tamali.

Mwezi wa tatu uso wa Tunu ulianza kuvimba asubuhi, kisha miguu. Akawa hawezi tena kubeba kidumu chake cha lita tatu, kikabebwa na mama yake. Muuguzi wa zahanati alimtazama, akauliza anakunywa maji ya kisima gani, akaandika namba, kisha akabaki ameshika kalamu, kwa sababu hakujua namba ile ina maana gani. Aliomba Jedwali la Nne kutoka chuoni. Alipelekewa Fomu Namba Saba na nakala ya ikisiri, iliyopigwa muhuri.

Bi Tamali alikwenda ofisini kwa Profesa Bashagi. Kwa mara ya kwanza katika miaka ishirini na miwili, aliondoka mezani kwake saa za kazi.

"Profesa, mtoto wa mdogo wangu anaumwa. Ni figo."

"Pole sana, Bi Tamali. Pole kweli." Profesa alimaanisha, hakuwa mtu mbaya, na watoto aliwapenda. "Na ndiyo maana sasa inatubidi tuwe waangalifu zaidi. Tukilifungua jedwali leo, watasema Kamati imempendelea ndugu ya mfanyakazi."

"Basi niruhusu nilisome mimi peke yangu. Sitamwambia mtu."

"Ukilisoma usimwambie mtu, litakusaidia nini?"

Profesa alimmiminia chai.

"Tazama hesabu, mama. Visima vinane salama kati ya kumi na vinne. Hiyo ni zaidi ya nusu. Ni mataifa mangapi yana zaidi ya nusu ya kitu chochote? Vuta subira. Mvumilivu hula mbivu."

Aliinywa ile chai. Baadaye, katika yote aliyojilaumu, hilo nalo alilikumbuka: kwamba chai ilikuwa tamu na kwamba aliimaliza.

Tunu alifariki Alhamisi asubuhi, pale zahanati, kichwa chake kikiwa mapajani mwa mama yake. Alikuwa na kiu mpaka mwisho. Bi Tamali alifika jioni na kalamu nyekundu mkobani, akakuta wanawake wamekwisha kumwosha, na maji waliyomwoshea yalikuwa ya kisima cha kumi na moja. Wizara ilituma shada la maua na katoni mbili za maji ya chupa, kwa ajili ya wageni rasmi.

*

Matanga yalipoanuliwa, Bi Tamali alirudi kazini, akaketi, akaondoa kaniki kwenye kioo na kuikunja vizuri pembe kwa pembe. Kisha akafungua mtoto wa meza.

Jedwali la Nne lilikuwa ukurasa wa kumi na saba. Lilikuwa na mistari kumi na minne, na lugha yake mtoto wa darasa la tatu angeielewa. Kisima cha pili, sumu. Cha tano, sumu. Cha saba, sumu. Kisima cha kumi na moja, sumu, tena mara tatu kuliko vingine vyote. Cha kumi na mbili na cha kumi na nne, sumu. Kulisoma lote hakukumchukua muda wa kusomea kiapo chake.

Cha tisa: salama.

Alirudia mstari ule. Akaufuata kwa kidole kutoka namba hadi neno, akihofu amevuka mstari, kisha akaufuata tena. Kilio kilimkatalia. Akatamani, kwa nafsi yake yote, asingekuwa mtu mwaminifu.

Alinunua kopo la rangi nyekundu na brashi, akaenda Kikwembe. Siwema alimwona akipita na kopo, akajifunga kanga, akamfuata bila kuuliza. Kwenye saruji ya kisima cha pili Bi Tamali alichora msalaba mkubwa mwekundu. Wanawake waliokuwa wakichota walitazama, wakamwaga ndoo zao. Akaenda cha tano. Akaenda cha saba. Nyuma yao watu walizidi kuongezeka.

Walipofika kisima cha tisa, Bi Tamali alikipita.

"Dada," alisema Siwema. "Umeruka kimoja."

"Sijaruka."

Siwema alisimama. Aliangalia ile pampu aliyoiacha miezi minne iliyopita, akaangalia mgongo wa dada yake ukienda mbele na kopo, na hakuinua mguu tena. Msalaba wa kisima cha kumi na moja Bi Tamali aliuchora mara mbili, wa pili juu ya wa kwanza, na mdogo wake hakuwapo.

*

Alishtakiwa kwa kuchapisha juu ya saruji bila leseni. Ukumbi ulijaa. Waziri alihudhuria kama mpenda elimu.

"Mimi nilichora misalaba," Bi Tamali aliiambia mahakama. "Katika mswada wa Dakta Mbelwa hakuna msalaba hata mmoja. Maneno yake sikuyagusa."

Hakimu alikubali kuwa hoja hiyo ina uzito, akaipima, kisha akaona njia. Mwenye hakimiliki, alisema, ana haki pia juu ya tafsiri za kazi yake. Mshtakiwa alilichukua jedwali akalitafsiri kwa rangi. Kosa lipo palepale, na kwa ukubwa wa herufi limezidi.

"Je, wale wa ng'ambo walijibu?" aliuliza hakimu, kwa kutaka tu kukamilisha jalada.

Profesa Bashagi alisimama kwa heshima. "Walijibu, Mheshimiwa. Siku ya kumi na mbili. Jibu limo Hazinani, Andiko Namba 2208."

"Mbona halikusomwa?"

"Barua nayo ni andiko, Mheshimiwa, na aliyeiandika hakutupa kibali cha kuisoma hadharani. Tuliihifadhi kwa mujibu wa taratibu. Aliyeiingiza ni mshtakiwa mwenyewe."

Mahakama ilitoa amri barua ifunguliwe. Ilikuwa ukurasa mmoja, mistari minne. *Mpendwa Bi Ngwembe, asante kwa barua yako. Ikipita miezi kumi na miwili, mwandishi anaruhusiwa kuweka mswada wake kwenye hazina ya chuo bila kutuuliza. Muda huo ulipita kabla hujatuandikia. Hukuhitaji kibali chetu.*

Siku ya kumi na mbili Tunu alikuwa bado anakimbia na kidumu chake. Bi Tamali alishika ukingo wa kizimba. Aliukumbuka ule ukurasa mmoja chini ya kaniki, wepesi wake kwenye vidole, na jinsi alivyoulainisha pembe kwa sababu hakupenda karatasi iliyokunjika.

Alihukumiwa miaka mitatu. Barua, hakimu alifafanua, inahusu mswada, haihusu saruji. Pia aliamuru misalaba isuguliwe kwa brashi ya chuma. Na kwa kuwa yeyote anayekikwepa kisima kwa sababu ya msalaba anatumia nakala isiyo na leseni, wananchi walitakiwa kuchota kwenye visima vyote kama zamani. Polisi walipelekwa kusimamia, wawili kwa kila kisima kati ya vile sita. Walisimama kutwa juani wakihimiza watu wachote. Wao wenyewe kila mmoja alikuja na dumu lake, na madumu hayo yalikuwa yamejazwa kisima cha tisa.

*

Mwezi wa nne wa kifungo Siwema alikuja gerezani. Alikuwa amekonda, na kanga ilimzunguka mara mbili. Hakuamkia. Aliketi upande wa pili wa meza, akatoa chupa ya plastiki iliyojaa maji, akaisukuma mbele.

"Ni ya cha tisa," alisema. "Kunywa."

Bi Tamali alitaka kusema jambo. Alikuwa amelipanga kwa miezi minne, ana mwanzo wake na mwisho wake. Alipomtazama mdogo wake usoni aliliacha. Akafungua kizibo, akanywa, akapumzika, akanywa tena, na Siwema akimtazama kila funda linavyoshuka mpaka chupa ikaisha. Yalikuwa maji matamu. Siwema akaichukua chupa tupu, akaitia kwenye kikapu, akaondoka.

Hiyo ni Shwari, nchi ya watu. Kwetu sisi maji ni salama. Hivyo ndivyo ikisiri inavyosema. Majedwali bado hatujafunguliwa.